Maji na Maneno: Uhakiki wa Riwaya ya Dune

Riwaya ya Dune, iliyotungwa na Mmarekani Frank Herbert (1920–1986), ilitoka kwanza kwa mafungu katika jarida la hadithi za kisayansi liitwalo Analog, kati ya Desemba 1963 na Mei 1965, kisha ikachapwa kuwa kitabu mwaka huo wa 1965. Wachapishaji zaidi ya ishirini walikuwa wameikataa, na aliyeikubali mwishowe, Chilton wa Philadelphia, alijulikana zaidi kwa vitabu vya kutengenezea motokaa kuliko kwa riwaya. Mwaka 1966 ilipata tuzo ya Hugo, ikishiriki heshima hiyo na riwaya ya Roger Zelazny, na vilevile ikawa riwaya ya kwanza kupewa tuzo ya Nebula. Herbert aliifuatisha kwa vitabu vingine vitano, cha kwanza mwaka 1969 na cha mwisho mwaka 1985. Na filamu zilizotengenezwa mwaka 1984, 2021 na 2024 zimewafikishia kisa chake hata watu wasiopata kuushika mkononi mwao ukurasa wake mmoja.

Sifa na kasoro za kitabu hiki zimejadiliwa sana na wahakiki wa Kiingereza, wala si lazima kuyarudia yote waliyoyasema. Lakini liko jambo moja ambalo msomaji wa Kiswahili ana kipimo chake. Watu wa jangwani wanaosimuliwa humo, Wafremen, hutumia maneno ambayo kwa sikio la Mwingereza au Mmarekani ni ya ajabu na ya mbali: adab, baraka, ghafla, ilm, mahdi, naib, umma, wali. Kwa sikio la Mswahili maneno hayo si ya ajabu hata kidogo. Ni ya nyumbani, ya msikitini, ya barazani na ya ofisi ya serikali. Pazia la ugeni ambalo mtungaji amelitundika mbele ya wasomaji wake huanguka lenyewe pindi kitabu kifunguliwapo na mtu ajuaye Kiswahili. Linapoanguka, ndipo hubainika ni kipi kilichosimama kwa nguvu zake chenyewe, na ni kipi kilichokuwa kikishikiliwa na pazia. Jawabu, kwa ufupi, ni kwamba maji ya riwaya hii yasimama, na mengi katika maneno yake huanguka.

Kisa chenyewe ni hiki. Katika mwaka wa 10191 wa hesabu ya dola iliyoenea katika nyota nyingi, Mfalme Shaddam wa Nne anamwamuru Leto, mkuu wa ukoo wa Atreides, aitwae sayari ya Arrakis kutoka mikononi mwa mahasimu wake wa ukoo wa Harkonnen. Arrakis ni jangwa tupu, lakini ndipo mahali pekee panapopatikana kiungo kiitwacho melange, ambacho huzidisha umri wa mwanadamu, huwapa baadhi ya watu uwezo wa kuona yajayo, na bila yake manahodha wa vyombo vya angani hawawezi kuongoza safari kati ya nyota na nyota. Zawadi hiyo ni mtego. Leto anasalitiwa na Yueh, tabibu wa nyumba yake mwenyewe, naye anakufa. Mwanawe Paul, kijana wa miaka 15, anakimbia pamoja na mama yake Jessica hadi kwa Wafremen, ambao wanampokea, wanampa jina la Muad'Dib, na kumwona kuwa ndiye mkombozi waliyekuwa wakimngojea. Kwa jeshi lao anamshinda Mfalme, anamposa binti yake Irulan, na kuitwaa dola. Lakini tangu mapema amekwisha kuona katika njozi zake kwamba vita vya dini vitakavyopiganwa kwa jina lake vitafurika ulimwengu wote, na kwamba uwezo wa kuvizuia unamponyoka.

Sifa ya kwanza ya riwaya hii ni maji, yaani namna mtungaji alivyoyafanya maji kuwa mzani wa kila kitu. Herbert alikuwa mwandishi wa magazeti, na fikira ya kitabu ilimjia alipokwenda kuchunguza matuta ya mchanga karibu na mji wa Florence, katika jimbo la Oregon, ambako majani yalikuwa yakipandwa ili mchanga usifukie barabara na nyumba. Makala aliyokusudia haikuchapishwa, bali uchunguzi ulibaki, nayo riwaya aliitabaruku kwa wataalamu wa ikolojia ya nchi kame. Uchunguzi huo umekuwa mwili wa kisa, haukubandikwa juu yake. Mbele ya jumba la mtawala wa Arrakis pana mitende 20. Kila mtende hunywa lita 40 kwa siku, na mtu hutosheka na lita 8. Basi mtende mmoja ni watu watano, na mitende yote ni watu 100. Wapitao njiani huitazama kwa macho yasiyokuwa ya kupendezwa na kivuli. Hesabu ndogo kama hiyo, isemwayo bila kelele, yaeleza dhuluma ya utawala kuliko hotuba ndefu.

Mifano mingine ya namna hiyo ni mingi. Katika enzi ya Harkonnen ilikuwa desturi kwamba wageni wa karamu, wakiingia, huchovya mikono katika mabeseni, humwaga maji sakafuni, kisha hutupa taulo katika dimbwi hilo. Na baada ya karamu maskini waliokusanyika nje hupewa matone yaliyokamuliwa katika taulo hizo. Leto anaikomesha desturi hiyo siku ya karamu yake ya kwanza, na msomaji huelewa mara moja tofauti ya watawala wawili. Stilgar, kiongozi wa Wafremen, akutanapo na Leto anatema mate juu ya meza. Walinzi wanaghadhibika, hata mmoja wao ambaye ameishi na watu hao anamshukuru kwa kutoa maji ya mwili wake kuwa zawadi. Paul amwuapo Jamis katika pigano la watu wawili, kisha akalia machozi mbele ya maiti, Wafremen wanaingiwa na hofu ya heshima, kwa kuwa hawajapata kumwona mtu akimpa marehemu maji. Mwili wa Jamis wenyewe hukamuliwa, na lita 33 na ushei hupimwa na kuhesabiwa kuwa mali ya aliyeshinda. Katika matukio haya yote hakuna neno moja la kigeni linalohitajika. Yakisimuliwa kwa Kiswahili cha kawaida kabisa hayapotezi chochote, kwa sababu nguvu yao imetoka katika mpango wa maisha ya watu wale, haikutoka katika sauti ya majina.

Tena mpango huo una fumbo ndani yake, na fumbo hilo ndilo linaloipandisha riwaya hii daraja la tanzu kubwa. Kiungo cha melange hutokana na maisha ya nyungunyungu wakubwa mno wakaao chini ya mchanga. Wangali wachanga, viumbe hao huyafungia maji mbali na uso wa nchi. Wakikomaa, maji huwaua. Wafremen wamefundishwa na mtaalamu Pardot Kynes kwamba katika miaka 300 hadi 500 wataweza kuigeuza nchi yao kuwa ya kijani, nao kwa siri hukusanya maji tone kwa tone kwa ajili ya wajukuu wasiopata kuwaona, na kuwahonga kwa melange wenye vyombo vya angani ili pasiwekwe mbinguni jicho lolote la kuwapeleleza. Lakini majani yakishinda, nyungunyungu watakufa. Nao wakifa, melange itakwisha. Nayo ikiisha, dola itakatika vipande. Hivyo heri ya watu wa Arrakis ni maangamizi ya dola, na utajiri wa dola ni kiu ya watu wa Arrakis. Waandishi wachache wa hadithi za kisayansi wamepata kuufunga ugomvi wa siasa katika mwili wa mnyama mmoja kwa ufundi wa namna hii.

Sifa ya pili ni ya usimulizi. Kila sura hutanguliwa na maneno machache ya kubuni, yanayodaiwa kuwa yametoka katika vitabu ambavyo Binti Irulan ataviandika baadaye. Kwa maneno hayo msomaji hujulishwa mapema kwamba Yueh ni msaliti na kwamba Leto atakufa. Mhakiki wa haraka aweza kuita jambo hilo kosa, akisema mtungaji ameyafichua mapema yaliyopaswa kusubiriwa. Walioizoea sanaa ya utenzi hawatasema hivyo. Hadhira ya utenzi hujua vita vitakwishaje kabla mshairi hajafungua kinywa. Haiji kusikia nini kitatokea, huja kusikia namna kilivyotokea, na kumwonea huruma shujaa asiyejua ayajuayo msikilizaji. Usiku wa mwisho wa Leto wapata uzito wake kwa njia hiyo hiyo. Isitoshe, mwishoni hudhihirika kwamba Irulan, mwandishi wa tarehe zote hizo, ni mke wa jina tu, aliyenyimwa mapenzi ya mumewe na kuachiwa kalamu. Basi historia tukufu ya Muad'Dib imeandikwa na mtu aliyekuwa nje ya mlango wa chumba chake. Kwa msomaji mwangalifu hiyo ni tahadhari juu ya kila sifa aliyopewa shujaa.

Baada ya kuzikiri sifa hizo, yafaa kuyageukia maneno. Herbert alimaliza kitabu chake kwa faharasa ndefu ya istilahi za dola yake, na sehemu kubwa ya maneno ya Wafremen ni ya Kiarabu. Mengine yamepitia Kaukasi, kwa kuwa Herbert alitumia kitabu cha Lesley Blanch, The Sabres of Paradise, cha mwaka 1960, kinachosimulia vita vya Imamu Shamil wa Dagestan dhidi ya Warusi. Neno naib ni mojawapo. Kwa Shamil, naibu alikuwa mtawala wa sehemu kwa niaba ya Imamu, nayo ni maana isiyo mbali na naibu wa Kiswahili. Katika faharasa ya Herbert, naib ni kiongozi aliyeapa kwamba hatakamatwa na adui akiwa hai. Ajuaye kwamba Shamil mwenyewe alijisalimisha mwaka 1859 huona jinsi neno lilivyopambwa kwa ushujaa lilipokuwa likivuka kutoka tarehe kuingia katika ngano.

Si haki kumlaumu mtungaji kwa sababu tu maana zimebadilika. Riwaya imewekwa maelfu ya miaka mbele, na maneno husafiri. Kiswahili chenyewe ni ushahidi wa kutosha. Ghafla kwa Kiarabu ni hali ya kutozindukana. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo katika kughafilika, lakini ghafula yenyewe imekuwa jina la jambo litokealo pasipo kutazamiwa. Njia iliyopitwa yaonekana wazi, kwani aliyeghafilika hufikiwa na mambo kwa ghafula. Herbert aliligeuza neno hilohilo kuwa sifa ya mtu asiyetulia na asiyeaminika, na njia hiyo nayo yaweza kufuatwa. Kwa hiyo swali la haki haliwi kama maana imebadilika. Swali ni kama badiliko lina njia, yaani kama msomaji aweza kuona ni maisha gani ya watu yaliyolisukuma neno kutoka hapa hadi pale.

Kwa kipimo hicho, baadhi ya maneno ya Herbert yashinda vizuri. Mkombozi anayengojewa huitwa Lisan al-Gaib, na tafsiri yake katika riwaya ni sauti itokayo ulimwengu wa nje. Kwa asili ghaib ni yasiyoonekana. Lakini Kiswahili nacho kimeitoa ughaibuni katika shina hilo, nchi za mbali alikokwenda mtu asionekane tena, basi tafsiri ya Herbert haina cha kulaumiwa. Rabban, jamaa katili wa ukoo wa Harkonnen, Wafremen humwita mudir nahya, na faharasa yasema jina hilo hufasiriwa kuwa mtawala shetani. Nahiya ni sehemu ya wilaya, na mudiri, kama wajuavyo wazee wa pwani ya Kenya na wa Unguja, alikuwa afisa wa serikali mwenye kutawala sehemu ndogo ya nchi. Cheo cha ofisini kimekuwa tusi kwa sababu ya ubaya wa aliyekishika. Na kila taifa lililopata kutawaliwa na wageni lajua kwamba jambo hilo halihitaji miaka elfu. Umma nalo, ambalo kwa Wafremen lina heshima ya unabii, katika miji ya dola limekuwa neno la dharau kwa mtu wa mwituni atabiriye ovyo. Hapo mtungaji ameona sawasawa jinsi neno tukufu la walioshindwa linavyogeuka kuwa kejeli midomoni mwa walioshinda.

Maneno mengine hayana njia. Wali, ambalo msomaji wa Kiswahili hulijua katika liwali kwa maana ya mtawala, na katika walii kwa maana ya mcha Mungu aliye karibu na Mola wake, limekuwa kijana asiyejaribiwa, pasipo neno moja la kueleza sababu. Kull wahad, ambalo hata mtoto aliyepata kuhesabu wahedi, thenini, thelatha atalitambua kuwa ni kila mmoja, limepewa maana ya mtu kuguswa sana moyoni. Salamu ya subakh ul kuhar ni sabalkheri iliyopindwa, na kupindwa kwa sauti si kosa, kwa kuwa sabalkheri yenyewe imepindwa. Lakini jibu lake ni subakh un nar. Waarabu hujibu kwa asubuhi ya nuru. Hapa mefika asubuhi ya nari, yaani ya moto. Ingekuwaje mtungaji angaligundua alichokishika? Watu ambao jua ni adui yao, wanaolala mchana na kusafiri usiku, kuitikia salamu ya asubuhi kwa kutaja moto, lingekuwa ni jambo la kupendeza mno. Faharasa yalifasiri jibu hilo kuwa mimi ni mzima, na wewe je, kisha yaendelea mbele.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa adabu. Paul alipoombwa achague jina, alichagua la panya mdogo wa jangwani, Muad'Dib, na Stilgar akaeleza kwamba mnyama huyo wao humwita mfundishaji wa vijana. Tafsiri hiyo ni sahihi kabisa: muaddib ni mwenye kuadibu, mwenye kutia watu adabu. Lakini katika faharasa ya kitabu hichohicho adab si adabu. Ni kumbukumbu imjiayo mtu yenyewe na kumdai aikumbuke. Shina moja limekatwa vipande viwili, na kila kipande kimepandwa mahali pake kana kwamba havijuani. Kwa Mswahili, adabu na kuadibu haviwezi kuachana hivyo. Mzungumzaji huyasikia mawili kwa pamoja hata asipopata kusoma sarufi. Herbert hakuyasikia, kwa kuwa aliyakuta moja moja, kama mtu aokotaye chaza ufukweni asiyejua lipi ni pande la lipi. Nalo ni hasara ya riwaya yenyewe, si ya lugha tu: shujaa ambaye jina lake ni mwenye kuadibu, naye ataongoza vita visivyo na adabu, angeweza kubeba katika jina lake kejeli yote ya kisa.

Hapo ndipo ilipo tofauti ya kukopa kwa taifa na kukopa kwa mtungaji. Kiswahili kilipopokea baraka, hakikuiacha ikae kama sarafu ngeni katika mfuko. Kiliifanyia kazi: kubariki, kubarikiwa, mbarikiwa, kutabaruku. Kilipopokea elimu kilisema kuelimika na kuelimisha. Neno la mkopo liliingia katika ngeli, likapata wingi, likanyambulika, likazaa. Maneno ya Wafremen, ukiacha misemo michache ya ibada na ya vita, ni majina matupu. Hayazai. Huketi katikati ya sentensi za Kiingereza kama vibao vya majina milangoni. Si kwamba jambo hilo halikuwezekana katika riwaya: J. R. R. Tolkien, ambaye The Lord of the Rings yake ilitoka mwaka 1954 na 1955, alitangulia kuziunda lugha na sarufi zake, kisha akawatafutia wasemaji. Herbert alifanya kwa maji kile Tolkien alichokifanya kwa lugha. Kwa lugha aliridhika na faharasa.

Kasoro hiyo ya lugha ni ndugu wa kasoro nyingine iliyo kubwa zaidi, nayo ni ya imani. Riwaya yasema waziwazi kwamba utabiri wa mkombozi haukuzaliwa na Wafremen. Uliletwa zamani na utawa wa wanawake wa Bene Gesserit, ambao hupanda ngano na itikadi katika mataifa mbalimbali ili siku moja, mwenzao akipatwa na hatari katika nchi hizo, azitumie kujiokoa. Jessica huzitumia, na mwanawe hupanda juu yake. Fikira hiyo ni kali na ya kweli. Yaeleza jinsi imani ya watu inavyoweza kutiwa lijamu na wageni. Lakini mtungaji hakuwa na moyo wa kuifikisha mwisho. Utabiri huo wa kupandwa hutimia neno kwa neno. Paul huvaa sawasawa vazi la kuhifadhia maji siku ya kwanza bila kufundishwa; humpanda nyungunyungu mkubwa kuliko wote; huwashinda wenyeji katika kazi walizozaliwa nazo. Kitabu chamwonya msomaji asimwamini shujaa, huku kikimpa kila sababu ya kumwamini. Kitabu cha pili, Dune Messiah, cha mwaka 1969, kilikuja kuonyesha matunda machungu ya utawala wake. Lakini riwaya yapaswa kuhukumiwa kwa yaliyomo ndani yake.

Mwaka huohuo wa 1969 ulitoka mchezo wa Ebrahim Hussein, Kinjeketile, unaohusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kazi hizo mbili hazikujuana, wala si za ukubwa mmoja. Lakini zote mbili zina nabii, zina maji, zina taifa lililoonewa, na zote mbili zauliza nini humpata mtu ambaye neno lake limemtoka na kuwa kubwa kuliko yeye. Kuziweka pamoja kwaonyesha kile kilichopungua katika Dune. Katika mchezo wa Hussein watu hubishana. Wako wanaoamini, wako wanaotia shaka, wako wanaotaka silaha kabla ya dawa, na neno la nabii hupita katika vinywa vyao na kubadilika. Wafremen hawabishani. Mamilioni ya watu wenye historia ndefu ya kufukuzwa kutoka sayari hadi sayari hawana mwanachuoni mmoja anayeuliza utabiri huu umetoka wapi, wala mshairi mmoja wa kwao anayesema kinyume. Stilgar anaanza kitabu akiwa rafiki mwenye akili, na kukimaliza akiwa mwabudu; Paul mwenyewe anaona badiliko hilo na kulisikitikia, nayo ni mojawapo ya sentensi za uchungu wa kweli katika riwaya. Lakini majuto ni ya Paul. Stilgar hakupewa fursa ya kuyasema yake.

Kasoro nyingine zaweza kutajwa kwa ufupi. Uovu wa Vladimir Harkonnen umechorwa kwa unene wa mwili wake na tamaa yake kwa vijana, kana kwamba maovu ya siasa yake hayakutosha. Na siri kwamba yeye ndiye babu yake Paul, ambayo ingepaswa kumtikisa kijana katika kila tendo lake, hufunuliwa kisha karibu husahauliwa. Wahusika huwaza kwa maneno yaliyoandikwa mbele ya msomaji kila mara, hata hila ambayo ingefahamika kwa kitendo huelezwa mara mbili. Jessica ni miongoni mwa wanawake waliojengwa vizuri katika hadithi za aina hii, lakini yeye na Chani, mpenzi wa Paul, huachwa mwishoni na faraja moja, kwamba wao masuria tarehe itakuja kuwaita wake. Na theluthi ya mwisho ina haraka mno. Miaka miwili hurukwa. Mtoto wa kwanza wa Paul na Chani huuawa mbali na macho ya msomaji, na kilio chake ni kifupi. Mtungaji aliyepima machozi ya Jamis kwa uangalifu mkubwa namna ile hakuwa na tone la kutosha kwa mtoto huyo.

Atakayethubutu kuifasiri riwaya hii kwa Kiswahili, basi, atakuta kazi yake imegeuzwa juu chini. Mahali ambapo wafasiri wengine hutaabika, yeye atapita kwa wepesi: kiu, kisima, heshima ya mgeni, deni la damu, nyota ya Suheli wanayoijua mabaharia wa pwani, ambayo kwa mujibu wa riwaya ndiyo jua la Arrakis. Hata nyungunyungu, jina lenye harufu ya udongo wa masika, litampa kejeli ambayo Kiingereza hakina, kwa kuwa huyu wa Arrakis huuawa na maji ambayo yule wa shambani hawezi kuishi bila yake. Taabu itaanzia mahali ambapo mtungaji alikopa. Akiandika adabu, msomaji atasikia adabu. Akiandika wali, huenda akasikia chakula. Itambidi ama ayaache maneno hayo katika sura ya Kiarabu, na kuuficha ujamaa wao, ama ayarudishe nyumbani na kuyapa njia ambazo mtungaji hakuyapa. Njia ya pili ni ngumu, lakini ndiyo ya haki, na huenda tafsiri ikakishinda kitabu chenyewe katika jambo hilo moja.

Kwa jumla Dune ni kazi kubwa, na ukubwa wake hauhitaji msaada wa pazia. Pale Herbert alipouliza mtu ataishije mahali pasipo na maji, akalifuata jawabu hadi kwenye taulo, mate, machozi na maiti, ameunda ulimwengu ambao msomaji wa lugha yoyote aweza kuingia na kuona kiu. Pale alipohitaji watu wa ulimwengu huo waseme na kuamini, aliwavika maneno ya watu wengine, wala hakuuliza maneno hayo yanaishije midomoni. Mwandishi wa Kiswahili atakaye kutunga riwaya ya namna hii ana mafunzo yote mawili katika kitabu kimoja. Lugha yake imekwisha kufanya, kwa karne nyingi na kwa vinywa vya watu halisi, kazi ile ambayo Herbert aliijaribu kwa faharasa. Kilichobaki kwake ni kupima maji yake kwa uangalifu kama huohuo.